Dirisha la Kilo

Ubovu wa picha za Nsimire ulijulikana Salamabila kabla hata yeye mwenyewe, aliyebaki mjini Kasongo, hajaujua. Mumewe Aganze alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko, na kila alipopata nafasi alipanda kilima kutafuta mtandao, akamwomba mkewe ampigie picha paka wao. Paka aliitwa Kilo. Aganze ndiye aliyempa jina hilo, siku alipomleta nyumbani ndani ya mfuko wa koti, akasema kilo ya dhahabu hajaiona bado lakini kilo ya paka anayo. Basi Nsimire akipiga, akituma, wachimbaji wanapokezana simu na kucheka mpaka wanakaa chini. Kilo alikuwa mweusi ti, na nyumba ilikuwa na giza. Kilichoonekana ni doa jeusi lenye macho mawili yanayowaka kama taa za pikipiki.

"Wanauliza kama hii ni paka ao ni mulozi, muchawi wa usiku," Aganze alisema kwenye ujumbe wa sauti, wenzake wakisikika nyuma yake wakiangua vicheko. "Mama, unipigie hata foto moja yenye kuonesha pua yake."

Nsimire alicheka, lakini ilimuuma. Tena hakuna aliyejua kwa nini ilimuuma kiasi hicho isipokuwa wao wawili. Alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka walipokuwa bado wanaishi Bukavu, baada ya wao kuitangaza kwa furaha kwa kila mtu, na safari hii walikubaliana kutoitaja kabisa, hata wao kwa wao. Kwa hiyo Aganze aliuliza habari za paka. Kilo anakula? Kilo anacheza? Nsimire naye akajibu kwamba Kilo anakula, tena jana alicheza mpaka akamnyima usingizi. Mtoto huyo, ambaye hakutajwa jina wala hali, ndiye aliyekuwa roho yao. Picha ya paka ilikuwa njia pekee ya Aganze kuuliza kama bado yupo.

Ndipo Nsimire alipokwenda kwa Hemedi. Hemedi alikuwa na kibanda karibu na soko, akipiga picha za pasipoti na za harusi, na kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua. Alizitazama picha za Kilo moja baada ya nyingine, akajitahidi asicheke.

"Mama, hii si foto ya paka. Hii ni foto ya makaa."

Alichukua ncha ya shati lake akaipangusa kamera ya simu. Kitambaa kilitoka na rangi ya mawese.

"Unapika, unashika telefone, njo unapiga foto. Anza kupangusa. Halafu ile flashi uizime kabisa. Paka mweusi ukimupiga flashi, utabaki na macho tu. Umuinamie, jicho lako na jicho lake viwe sawasawa. Usimuite. Umungoje. Na umuguse usoni pale kwa kioo ya telefone, itajua ni yeye unatafuta, itamuongezea mwanga."

Nsimire alirudi nyumbani akafuata mafunzo yote. Alitandika kitenge cheupe nyuma ya paka ili weusi wake uonekane. Kulalia tumbo hakuweza, kwa hiyo alipiga magoti, akainama mpaka kidevu kikakaribia mkeka, akamnong'oneza Kilo maneno ya kumtuliza. Mlango ulikuwa wazi. Jirani yake Julienne, mama mmoja mzima aliyezaliwa na kuzeekea mtaa huohuo, alipita na ndoo yake ya maji akamwona mgeni huyu, Mshi kutoka Bukavu, amepiga magoti mbele ya paka mweusi, anaongea naye. Julienne alisimama kidogo. Kisha akapitiliza bila kusalimu, na kuanzia siku hiyo salamu zake zikawa za mbali.

Picha zikawa bora, lakini bado zilikuwa na giza. Siku moja Hemedi alipokuwa akipita aliombwa aitazame nyumba. Alisimama kizingitini, mlango ukiwa wazi watu waone, akageuza kichwa huku na huku. Sebule ilikuwa na dirisha moja dogo, nalo liko chini ya baraza.

"Nyumba yako inameza mwanga," alisema. "Ungekuwa na mwanga wa pembeni, ule wa asubuhi, wa chini chini, ungepiga foto za kushinda zangu." Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa mashariki. "Ungetokea pale."

Kwenye ukuta ule kulikuwa na kabati. Lilikuwa kabati la mwenye nyumba, Papa Asani, na siku walipokabidhiwa ufunguo jambo alilolisisitiza lilikuwa hilo tu: kabati ni ya nyumba, musiisogeze, miguu yake imeoza. Nsimire alilikumbuka onyo hilo. Lakini Asani alikuwa Kabambare kwenye mashamba yake ya karanga, na paka anahitaji mwanga. Alimwita fundi wa matofali wa mtaa wa pili, wakalivuta kabati pamoja.

Nyuma yake ukuta ulikuwa na kiraka. Kilianzia chini kabisa sakafuni, kikapanda mpaka kiasi cha paja, na upana wake ulikuwa mkubwa kuliko kimo chake. Udongo wake ulikuwa wa rangi nyingine. Nsimire alifikiri ni dirisha la zamani lililozibwa kwa kuogopa wezi, ingawa hakuwahi kuona dirisha linaloanzia sakafuni. Alichungulia na chini ya kabati. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa.

Fundi alianza kugonga. Matofali yalitoka kirahisi, na katikati yake udongo ulikuwa umechanganywa na majivu, chumvi, na miiba mirefu iliyopangwa ncha zikielekea nje. Fundi aliacha kugonga.

"Mama, mwenye nyumba anajua?"

"Anajua," Nsimire alisema, na huo ulikuwa uongo.

"Hapa hawakuziba upepo," fundi alisema. Lakini kazi ilikuwa imeshaanza, akaimaliza. Aliweka wavu, akatengeneza ubao wa kufungia. Nsimire alimwandalia ugali. Fundi aliukataa, akaondoka hata bila kunawa, udongo umemjaa mpaka viwikoni.

Ah, lakini zile picha! Asubuhi iliyofuata jua liliingia kwa chini kama maziwa yanavyomwagika, likatandaa juu ya mkeka, na Kilo, kama paka wote duniani, akaenda kujilaza palepale. Nsimire alipiga magoti, akapangusa kamera, akamgusa usoni kwenye kioo cha simu, akangoja. Weusi wa Kilo ulikuwa na rangi ya kahawia ndani yake ambayo hakuwahi kuijua. Sharubu zilihesabika. Ndani ya jicho kulikuwa na nuru ndogo ya dirisha. Alipomtumia Aganze, jibu lilikuja na sauti ya mtu aliyejisahau kwa furaha.

"Hata sisi hatujapigwa foto hivi! Wenzangu wananiuliza nilioa mupiga foto wa wapi. Na amenona! Anacheza?"

"Anacheza," Nsimire alijibu, mkono wake ukiwa tumboni. "Anacheza sana."

Kwa siku kadhaa alikuwa na furaha ya kweli. Halafu Kilo akaanza kukaa vibaya.

Alikaa mwangani kama kawaida, lakini alimpa Nsimire mgongo. Aliangalia dirisha. Ukimgeuza, anajigeuza tena. Ukimtingishia kamba, hataki. Masikio yalikuwa mbele, mkia umetulia, kama anavyokaa paka pale mtu anapofungua mlango na kuingia. Nsimire alipiga picha za mgongo, akazituma huku akitania kwamba Kilo ameshakuwa bosi. Ni jioni tu, alipozitazama tena taratibu, ndipo alipoona kwamba mstatili wa mwanga sakafuni haukuwa mzima. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kivuli cha kichwa kilichofungwa kitambaa, na bega moja.

Mtu alikuwa ameinama nje, akichungulia.

Alitoka akazunguka nyumba. Kati ya ukuta wake na ua wa matete wa Julienne kulikuwa na kichochoro chembamba, na huko ndiko alikokuwa akimwaga majivu ya jikoni. Majivu yalikuwa yametandaa laini. Palikuwa na nyayo za kuku. Za mtu hapakuwa na hata moja.

Shaka yake ilimwangukia Julienne moja kwa moja. Nani mwingine? Salamu zimekuwa za mbali, macho yanamfuata mpaka chooni, na kichwa chake hakikosi kitambaa. Nsimire alimwita juu ya matete.

"Mama Julienne, ulikuwa unachungulia kwangu asubuhi?"

"Mimi?" Julienne aliweka chini mchi wake. "Ule ukuta sipiti. Hata kuku wangu akiingia kule, namuacha atoke peke yake."

"Juu ya nini?"

Julienne alimtazama tumboni. Kisha akamtazama Kilo, aliyekuwa amekaa kizingitini akijilamba.

"Wewe njo unapigia paka magoti kila asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Na unaniuliza mimi?"

Nsimire aliingia ndani akiwa na hasira na woga pamoja. Mwanamke yule alijua jambo. Hilo lilikuwa wazi. Lakini hata Hemedi, mbona alinyoosha kidole kwenye ukuta uleule? Kuta ziko nne. Na Asani, mbona alisema uongo kuhusu miguu ya kabati? Alianza kuwaona wote kama watu walioshauriana kabla hajafika. Mgeni asiye na ndugu mjini mawazo kama hayo humjia upesi, na mimi simlaumu.

Hata hivyo hakuacha kupiga picha. Aliendelea kwa sababu Aganze alizingoja, na kwa sababu alitaka kumfumania anayechungulia. Kila asubuhi aliangalia dirisha kwa macho yake mwenyewe. Hakuona mtu. Kila asubuhi picha ilikuwa na kivuli.

Mwishoni aliibeba simu mpaka kibandani kwa Hemedi, akaisukuma mbele yake.

"Nani alikutuma unioneshe ule ukuta?"

Hemedi alishangaa, akaapa. Yeye ni mtu wa kuja kutoka Lusangi, nyumba ile haijui, alichokijua ni jua linatokea wapi. Ndipo akazitazama picha. Alizivuta kwa vidole zikawa kubwa. Alirudi kwenye picha za nyuma, akasonga mbele, akarudi tena.

"Mama, foto yoyote uangalie kivuli kinaanzia wapi," alisema. "Kivuli kinaanzia kwa miguu ya mutu. Hapa, hii ya kwanza, kinaanzia inje. Mutu iko inje ya dirisha. Sawa." Akapeleka mbele. "Hapa kinaanzia pale pa kizingiti ya dirisha." Akapeleka tena mbele, na sauti ikapungua. "Hapa kinaanzia juu ya mukeka."

Nsimire alisogea. Katika picha ya mwisho Kilo alikuwa ameinua kichwa, anaangalia juu, kimo cha mtu. Kivuli kilianzia karibu na mkia wake, katikati ya sebule.

"Na miguu iko wapi?" Nsimire alinong'ona.

Hemedi aliiweka simu mezani, akamrudishia kwa kuisukuma na kidole kimoja.

"Mimi ni mutu wa foto tu, mama," alisema. "Uniachilie." Akaanza kufunga kibanda, na jua lilikuwa bado liko utosini.

Utauliza kwa nini hakuhama palepale. Ahamie wapi? Na kumwambia Aganze kungekuwa kuitaja mimba, kusema kwa mdomo wake kwamba kuna kitu kinamsogelea, na siku waliyoitaja ile ya kwanza aliikumbuka vizuri mno. Alirudi nyumbani akaubana ubao wa dirisha kwa msumari, akakaa barazani na Kilo mapajani. Alikuwa bado amekaa hapo pikipiki ilipoingia uani na magunia ya karanga, na Papa Asani akashuka.

Alisalimu vizuri tu. Akauliza habari, akampapasa paka. Kisha akatupa jicho ndani kupitia mlangoni akaliona kabati mahali lisipotakiwa kuwa. Akakaa chini pale alipokuwa.

"Nani alikuambia ufungule?"

"Nilitaka mwanga, papa. Wa kumupiga paka foto."

"Paka," Asani alisema. "Paka!" Akafunika uso kwa viganja.

Ndipo alipomweleza. Nyumba ile ilikuwa ya Mwavita, shangazi yake, mkunga. Nusu ya mtaa ule ilizaliwa mikononi mwake. Halafu ukaja msimu mmoja wa mvua ambao watoto walikufa mfululizo, wachanga, aliowapokea yeye, na ukoo ukaketi ukasema ni yeye anayewala. Hakuna aliyempiga. Waliacha tu kumsalimu, wakaacha kumpelekea chakula. Alifia sebuleni.

"Mutu wa vile hapiti mulangoni," Asani alisema. "Kwetu ni hivyo tangu zamani. Tulitoboa ukuta, tukamutoa pale chini, halafu tukaziba. Akitaka kurudi atatafuta pale alipotokea. Mulango haujui."

"Unasema tulimutoa. Na wewe ulikuwa?"

Asani aliitazama mikono yake.

"Mimi njo nilishika miguu. Alikuwa mwepesi. Alikuwa ameisha." Akamtazama Nsimire usawa wa kiuno. "Nawe umemufungulia. Na uko na mimba."

Neno hilo, ambalo mume na mke walilificha miezi yote hiyo, lilisemwa waziwazi uani, mwenye pikipiki na majirani wakilisikia. Nsimire alihisi mtoto anageuka ndani yake, pole pole, kama mtu anayejisogeza kitandani kumpisha mwenzake. Hakupenda hata kidogo namna alivyogeuka.

Asani hakungoja. Alikanyaga udongo mwenyewe, akatafuta miiba mwenyewe, akachanganya majivu na chumvi. Kabla jua halijatua ukuta ulikuwa umeshazibwa na kabati limerudishwa. Julienne alikuja na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaomba radhi huku macho yameangalia chini.

"Nilifikiri ulifungula makusudi," alisema. "Niliona paka mweusi, niliona unamupigia magoti. Nilisema huyu anamuita bibi yule."

"Na mimi nilifikiri ni wewe unanichungulia."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, wakala pamoja. Nsimire alilala kwa Julienne. Kilo alibaki ndani kwa sababu alikataa kutoka. Walimwita kwa samaki, wakamwita kwa jina. Alikuwa amekaa katikati ya sebule, ameinua kichwa.

Asubuhi Nsimire alirudi kumpa paka chakula. Jua lilikuwa limepanda, watu wanapita na baiskeli, redio ya mtu inaimba. Hakuwa na hofu. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Aganze: siku nyingi hakuna foto, Kilo anacheza? Sauti yake ilijaribu kuwa ya mzaha, ikashindwa. Nsimire akaona amtulize tu, mara moja. Dirisha la upande halikuwapo tena, kwa hiyo alifungua mlango wa mbele wazi kabisa, akapiga magoti akiupa mgongo ili mwanga utokee nyuma yake. Alipangusa kamera. Akamgusa paka usoni kwenye kioo. Kilo hakumwangalia. Aliangalia pembeni ya bega lake la kushoto.

Akapiga.

Picha ilikuwa nzuri. Mwanga ulikuwa laini, sharubu zinahesabika. Sakafuni, mbele yake, kulikuwa na kivuli chake mwenyewe, cha mwanamke aliyepiga magoti, tumbo limechomoza. Kilikuwa kimeanzia magotini pake, kama inavyotakiwa.

Kando yake kulikuwa na kingine.

Hicho kilikuwa kimesimama. Kilikuwa kimeinama kuanzia kiunoni. Kilianzia karibu na magoti yake, umbali wa kiganja kimoja. Mkono wake ulikuwa umenyooka mpaka kwenye tumbo la kivuli cha Nsimire.

Nsimire hakupiga kelele. Alielewa kila kitu kwa mara moja. Asani alikuwa ameziba njia. Lakini aliiziba huku aliyepita akiwa ameshaingia. Ukuta ule sasa haukumzuia kuingia. Ulimzuia kutoka.

"Mama Mwavita," alinong'ona bila kugeuka. "Mimi sikukufanya kitu."

Uchungu ulimshika palepale, wiki kadhaa kabla ya wakati wake.

Julienne ndiye aliyempeleka kwenye kituo cha kujifungulia, amemshikilia nyuma ya pikipiki. Muuguzi alimpima, akampima tena, na uso wake ukabadilika. Mtoto alikuwa amelala kwa ubavu. Hatazaliwa hivyo. Alimtuma mwenzake mbio akamtafute daktari, akatoka kuandaa vifaa. Chumbani Nsimire alibaki peke yake, viganja vyake vimeshika vyuma vya kitanda, vyote viwili, ana uhakika na hilo mpaka leo. Alipokuwa hivyo, alihisi mikono juu ya tumbo lake. Mmoja juu, mmoja chini. Ilikuwa baridi na ilijua inachokifanya, na Nsimire akajua kwamba hakutoka nyumbani peke yake. Ilisukuma, ikangoja, ikasukuma.

Daktari alipofika alikuta kichwa kimeshuka mahali pake.

"Nani alimugeuza?" muuguzi aliuliza.

Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Nsimire alilia mpaka wakamwomba apumzike. Walipomwogesha mtoto waliona alama katikati ya mabega yake, ya rangi ya mawese, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Sabuni haikuitoa. Ukiitazama karibu, ilikuwa na mistari myembamba, ile ya kidole cha mtu.

Julienne alipoonyeshwa, aliufunga mlango wa chumba. Alifungua kifungo cha blauzi, akaishusha nyuma, akageuka. Kati ya mabega yake ya uzeeni kulikuwa na alama ileile, imefifia kidogo.

"Alinipokea yeye," alinong'ona. "Wenye walikufa ile mvua, mama yangu aliwaona. Hawakuwa nayo. Usiogope. Mimi niko nayo, na niko hai mpaka leo."

Nsimire alilala usingizi mzito usiku huo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo yule mama hakuwa mchawi. Walimnyima chakula bure, wakamtoa kama takataka, naye alichokitafuta ni kazi yake tu. Wazo hilo lilimuuma na kumfariji, akamwombea. Aganze alishuka kutoka Salamabila, akamshika binti yake. Walihamia nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, Kilo akiwa ndani ya kikapu, na mtoto wakamwita Ushindi.

Siku hizi Nsimire anapiga picha ambazo Hemedi mwenyewe angezionea wivu. Ushindi dirishani, Ushindi na paka, Ushindi akinyonya kidole chake. Zote zimepigwa kwa mbele. Nguo ya mtoto imefungwa mpaka shingoni.

Mvua za kwanza zilipoanza, Julienne alikwenda kuwatembelea, akaomba amwogeshe mtoto. Alimlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, akamwagia maji. Kisha akaacha kumwagia. Nsimire alisogea kuangalia.

Alama ya kwanza ilikuwa palepale. Pembeni yake, juu kidogo, pale kinapokaa kidole cha pili mtu anaposhika kitu, kulikuwa na nyingine. Rangi yake ilikuwa mbichi, kama ya kidole kilichogusa usiku wa jana.

Julienne alikaa akiitazama muda mrefu, maji yakimdondoka mkononi.

"Mimi niko na moja," alisema.